Vikombe vya katuni vya kizamani: pindua kitako kabla hujatoa pesa

Hapa Malindi Mtaliano akiuza nyumba na kurudi kwao, vyombo huishia kwa wauzaji wa vitu kuukuu, na ukichakura humo hukosi kikombe cha Snoopy, yule mbwa mweupe wa katuni, bilauri ya Garfield, paka wa rangi ya chungwa, au kopo la biskuti lenye Mickey, ambaye wao humwita Topolino, kwa hiyo usione haya kuchutama.

Kwanza kabisa pindua kitako. Utaona herufi C ndani ya duara na mwaka, na hapo ndipo wengi hupigwa changa la macho, maana ule mwaka ni wa haki ya mchoro, si wa kikombe kutengenezwa. Kikombe cha Snoopy kimeandikwa 1958 na huenda kimetoka kiwandani miaka mingi baadaye. Zile bilauri za Garfield za mikahawa ya McDonald's zina 1978, mwaka katuni yake ilipoanza magazetini, lakini zenyewe ziliuzwa 1987! Mimi husoma na maandishi ya picha: yule ndege mdogo wa njano, rafiki wa Snoopy, akiwa ameandikwa jina Woodstock basi chombo si cha kabla ya 1970, jina alipewa mwaka huo, hata muuzaji aape vipi.

Halafu kigonge kwa ukucha. Kikilia tiiing ni kizima, kikitoa sauti butu kina ufa, mulika na tochi ya simu uutafute.

Kuosha: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, sponji laini, basi. Mimi nilimwachia dada wa nyumbani Snoopy wangu, akamsugua na waya wa sufuria, sasa nina mbwa hana pua, na kosa ni langu kwa sababu sikumwambia. Usinywee pia, rangi za zamani za nje ya vikombe na bilauri zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, watoto ndio usiwape kabisa.

Makopo ya bati yaweke mbali na dirisha, chumvi ya bahari hii haina huruma, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani.

Na wakati wa bei usitaje Snoopy. Sema tu watafuta kikombe cha kuwekea miswaki.