Jinsi ya kuwaonyesha watu Barking Dogs Never Bite bila kuwapoteza katikati

Barking Dogs Never Bite, filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Bong Joon-ho, ilitoka Korea Kusini mwaka 2000, miaka 19 kabla ya filamu yake Parasite. Ni kichekesho kichungu kinachotokea karibu chote ndani ya maghorofa ya kawaida ya makazi. Yun-ju, mhadhiri wa kibarua, anakerwa na mbwa anayebweka asiyeonekana yuko wapi. Hyun-nam, karani wa ofisi ya usimamizi wa maghorofa hayo, anaanza kumsaka mtu anayewapoteza mbwa wa watu. Filamu ni nzuri mno, lakini ukiwawekea watu hivi hivi, wengi watachoka mapema. Hutokea hivyo kwa sababu mbili: hawaisikii vizuri, na hawajui kila mkazi wa jengo lile anaogopa kupoteza nini. Zote mbili zinatibika.

Anza na wageni. Watoto wasiwepo, na watu wazima waambiwe mapema kwamba kwenye hadithi kuna mbwa wanaokufa. Usitaje wangapi wala kwa njia gani. Filamu yenyewe inafunguka kwa tangazo kwamba mbwa walitunzwa salama wakati wa kupiga picha. Lisome kwa sauti, usiliache lipite. Ukilificha jambo hili, kuna atakayeondoka kwenye tukio la paa, na huyo hatarudi.

Kisha sauti, maana filamu hii inaendeshwa na sikio. Yun-ju anamkamata mbwa asiye na hatia kwa sababu anafuata kelele badala ya macho, na baadaye anasoma kwenye bango kwamba mbwa yule alifanyiwa upasuaji wa koo na hawezi kubweka kabisa. Kosa hilo halichomi kama mtazamaji hakuwahi kukereka na mbweko ule pamoja naye. Weka spika mbili, moja kila upande wa skrini, usawa wa masikio ya aliyekaa. Jaribu kwa tukio la mwanzo, Yun-ju akiongea na simu dirishani: maneno yake yasikike bila shida, na mbweko usikike wazi lakini usijulikane unatoka mlango gani. Kama mbweko unafunika maneno, punguza. Kama huusikii kabisa, sogeza spika au zima feni. Televisheni nyingi zina mpangilio wa usiku unaosawazisha sauti kubwa na ndogo. Uzime, la sivyo ukimya na kelele vinakuwa kitu kimoja. Jenereta iwekwe nyuma ya nyumba, mbali na madirisha.

Usitumie msimulizi wa kutafsiri papo kwa papo, hata kama wageni wako wamezoea hivyo kwenye vibanda vya video. Kwa filamu za mapigano msimulizi huongeza raha. Hapa atajaza zile sekunde za kimya ambamo Yun-ju anajibanza asikamatwe, na kichekesho chote kimo humo.

Tumia manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, na uyakague siku moja kabla. Angalia dakika ya 5, kisha dakika ya 90. Kama yamechelewa au yamewahi kwa kiasi kilekile sehemu zote mbili, kwenye VLC ya Windows (programu ya kuchezea video) bonyeza G kuyawahisha au H kuyachelewesha. Kila mbonyezo husogeza milisekunde 50. Kama pengo linakua, tatizo ni kasi ya picha: manukuu yalitengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde na video yako ni ya 23.976, au kinyume chake. Hapo utaona tofauti ya sekunde 12 au 13 kwenye dakika ya 5, na karibu dakika 4 kwenye dakika ya 90. Kubonyeza G au H hakutasaidia. Rekebisha kasi ya manukuu kwenye dirisha la usawazishaji. Ukiandika ya Kiswahili mwenyewe, usizidi mistari miwili kwa mara moja, herufi kama 40 kila mstari, na hifadhi faili kwa mfumo wa herufi uitwao UTF-8. Sentensi zetu hurefuka, kwa hiyo kata maneno badala ya kuharakisha maandishi.

Kabla ya kuwasha, zungumza dakika 5, si zaidi. Mambo matatu yanatosha. Kwanza, Korea ilikuwa imetoka kwenye msukosuko wa fedha wa mwaka 1997, ilipokimbilia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na kazi nyingi zilipotea. Pili, mhadhiri wa kibarua kama Yun-ju hulipwa kwa vipindi anavyofundisha, na ndani ya hadithi hii cheo cha profesa kinapatikana kwa hongo. Tatu, wapo waliokula nyama ya mbwa na wapo waliofuga mbwa kama watoto wao, katika jengo lilelile. Bunge la Korea Kusini lilipitisha sheria ya kukomesha biashara ya nyama hiyo Januari 2024. Wakati wa filamu hapakuwa na katazo kama hilo. Jambo la tatu liseme kwa upole, kwa sababu ukilikazia, wageni watakaa wakiwacheka Wakorea badala ya kuwatazama watu.

Chora jengo ubaoni au kwenye karatasi kubwa: paa juu, korido katikati, ofisi ya usimamizi pembeni, na chumba cha chini ya ardhi. Haya ni maghorofa ya korido ndefu iliyo wazi upande mmoja, milango imejipanga, kiasi kwamba mtu wa jengo la mbele anaona kila anayepita. Waombe wageni wafuatilie nani anapanda na nani anashuka. Paani ndiko Hyun-nam anakoona kwa darubini mbwa wa bibi kizee akirushwa. Chini anaishi mtu asiye na makazi, na mlinzi anapikia supu yake ya nyama ya mbwa huko bila wakazi kujua.

Tukio la chini ya ardhi ndilo la kulinda kuliko yote. Zima taa zote na funga pazia, kwa kuwa picha ni nyeusi na mwanga wa nje utaila. Yun-ju amejificha kabatini. Mlinzi, anayechezwa na Byun Hee-bong, anamsimulia mwenzake habari za fundi wa boila (mtambo wa kupasha jengo joto) aitwaye Kim: maghorofa yalijengwa haraka wakati wa pilikapilika za ujenzi za mwaka 1988, boila likagoma, Kim akalitengeneza, kisha akawasema wakubwa kwamba wamekula pesa za vifaa. Katika vurugu akafa, akapigiwa plasta ukutani. Ni masimulizi marefu, na mwenye rimoti atashawishika kuruka mbele. Asiguse. Mtazamaji wa Korea alikuwa bado anakumbuka duka la Sampoong la Seoul lililoporomoka Juni 1995 na kuua watu 502, jengo lililokuwa na kasoro za ujenzi na maofisa waliopokea rushwa. Hadithi ya Kim inaanza kama ya mizimu, lakini hofu yake ni ya ukuta wenyewe.

Kama lazima kuwe na mapumziko, yaweke baada ya Hyun-nam, mwenye sweta la njano la kofia, kumfukuza mtuhumiwa koridoni mpaka mlango unapofunguka ghafla na kumwangusha. Usisimamishe kamwe kati ya hapo na mke wa Yun-ju kueleza pesa za kumnunua mbwa wake zilitoka wapi. Eun-sil ni mjamzito na ameachishwa kazi. Pesa ni za kiinua mgongo chake, na zilizobaki amezitenga kwa cheo cha mumewe. Mpaka hapo wageni watakuwa wamemwona kama mke wa kuamuru tu, anayemvunjisha mume kokwa za jozi kwa nyundo. Ukikata filamu kabla ya hapo, wataondoka na picha hiyo.

Mazungumzo ya baadaye yasianze na swali la nani mbaya. Kila mtu atajibu mlinzi na mtu wa chini, na mtakuwa mmemaliza. Uliza nani amekamatwa na nani hakukamatwa. Kisha rudisha sehemu mbili za mwisho, moja baada ya nyingine: Yun-ju amesimama darasani, tayari ni profesa, mapazia yanafungwa na chumba kinaingia giza; kisha Hyun-nam, aliyefukuzwa kazi, yuko msituni na rafiki yake, akicheza na mwanga wa jua kwenye kioo. Waulize fedha za hongo zilizofichwa kwenye boksi la keki zilinunua nini hasa. Acha watu wabishane, na mchoro wa jengo uendelee kubaki ukutani, kwa sababu watausogelea na kunyoosha vidole.