Kutaja kazi kwa Kiindonesia: mwongozo kwa anayeanza

Hatua ya 1: acha "ni". Jina la kazi hufuata mtu moja kwa moja: *Saya guru*, mimi ni mwalimu, *Dia perawat*, yeye ni muuguzi. *Dia* ni mwanamume au mwanamke, kama "yeye" yetu. Wengi huchomeka *adalah* kila wanapohisi "ni" inakosekana. Sarufi haivunjiki, ila kwenye maongezi ya kawaida utasikika kama unahutubia. Mahali pa kazi hutajwa kwa *di*: *Saya kerja di bank*, nafanya kazi benki. Umbo kamili ni *bekerja*, litumie kwenye usaili.

Hatua ya 2: kuuliza. Vitabu hufundisha *Apa pekerjaan Anda?*, kazi yako ni nini? Ni sahihi, lakini *Anda* (wewe) humweka mtu mbali. Mwanamume mzima muulize *Bapak kerja di mana?*, baba unafanya kazi wapi, au, kwa mama, *Ibu kerja di mana?* Kijana wa kiume ni *Mas*, wa kike *Mbak*, hasa Java. Kazi nyingine huwa jina la heshima kabisa, zikitanguliwa na *Pak* au *Bu* (vifupi vya *Bapak* na *Ibu*): *Pak Dokter*, *Bu Guru*, *Pak Sopir* kwa dereva.

Hatua ya 3: kuunda majina ya kazi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiparuke.

*Tukang* (malizia kwa ng' ya ng'ombe) huenda na kazi za mikono na uchuuzi: *tukang kayu* seremala, *tukang cukur* kinyozi (c ni ch), *tukang listrik* fundi umeme, *tukang sayur* muuza mboga. Usimpachike daktari wala mhasibu. Na ukisikia *tukang bohong*, hiyo si ajira: ni mtu aliyezoea kusema uongo.

Kiambishi *pe-* hufanya kazi ya m- yetu katika "mkulima", lakini kina sura mbili. Angalia kitenzi. Kikianza na *ber-*, weka *pe-* tupu: *bertani* hutoa *petani*, mkulima, *berdagang* hutoa *pedagang*, mfanyabiashara. Kikianza na *me-*, sauti ya puani huingia pia kwenye jina: *menjahit*, *penjahit*, fundi cherehani. Tatizo ni mizizi inayoanza na p, t, k au s, kwa sababu herufi hiyo humezwa: *tulis* ni *penulis*, mwandishi, si "pentulis", *siar* ni *penyiar*, mtangazaji, *karang* ni *pengarang*, mtunzi. Ukichanganya sura hizi unabadilisha mtu: *pelajar* (kutoka *belajar*, ambapo *ber-* hugeuka *bel-*) ni mwanafunzi, *pengajar* (kutoka *mengajar*) ni anayefundisha.

Hatua ya 4: kukana. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Palipo na "si" mbele ya jina, sema *bukan*: *Saya bukan dokter*, mimi si daktari. Palipo na ha- au si- ya kitenzi, sema *tidak*: *Dia tidak bekerja di sini*, hafanyi kazi hapa. "Saya tidak dokter" ni kosa linalosikika papo hapo.

Kama huna ajira, usijibu *tidak kerja*, linafunga mlango. Jibu *belum*, yaani bado: *Belum kerja, masih kuliah*, bado sijaanza kazi, niko chuoni. Aliyejiajiri husema *wiraswasta*, na mama wa nyumbani *ibu rumah tangga*.