Somo: Vyombo vya shughuli vya kuazimana, na namna ya kuhakikisha vinarudi

Habarini za leo wapendwa. Wengi mmeniuliza sisi wa huku Igogo mlimani tunaendeshaje vyombo vyetu vya kuazimana, nikaona niandike mara moja kuliko kumrudia kila mtu kwa sauti za simu.

Kwangu ilianza na mvua. Nyumba yangu iko chini ya mawe, kwa hiyo kinachotupwa juu kinapita mlangoni. Jirani wa juu alikuwa na kipaimara Jumapili, usiku ikanyesha, na asubuhi mtaro wangu ulikuwa umezibwa na sahani za plastiki zenye pilau bado. Niliokota karai mbili. Zilizonipita usiku zilishakwenda ziwani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na tukazoea, lakini sahani na vikombe vya kutupa vikabaki, na kila besdei tunavinunua kwa paketi. Wapo watafiti walionunua sangara na sato sokoni hapahapa Mwanza, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2016: katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alikutwa na plastiki tumboni. Tunatupa sahani, halafu tunarudi kuzila kwa ugali.

Kilichonishangaza ni kwamba msibani hatufanyi hivyo. Vikundi vya kufa na kuzikana vina turubai, masufuria, sahani, na hakuna anayeona aibu kuviazima. Furaha ndiyo imetushinda. Basi tulichofanya ni kuchukua utaratibu wa msibani tukaupeleka kwenye kipaimara na send-off.

Hatua ya 1. Msinunue kwanza

Kaya kumi na nne tulikutana, kila mmoja akataja alichonacho kinachokaa bure. Zilitoka sahani za udongo za kabatini, masinia ya harusi za zamani, majagi, hotipoti ambazo hazijafunguliwa tangu zitolewe zawadi. Andikeni kila kitu kwenye kauntabuku pamoja na jina la mwenyewe. Vya udongo tuliviacha kwa wenyewe, vinavunjika na vinaleta maneno.

Hatua ya 2. Nunueni vinavyofanana

Tulichanga kidogokidogo kila tulipokutana kwenye kikoba, tukashuka Makoroboi kununua sahani za melamini, nyeupe zote, dazeni kumi. Nasisitiza zifanane. Sahani za rangi mchanganyiko hazibebani vizuri na kuzihesabu ni kazi. Vikombe tulichukua vya bati, vijiko vya chuma dazeni kumi na mbili, maana vijiko vinapotea kuliko kitu chochote chini ya jua. Vitambaa vya meza ni mashuka meupe ya mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja, yamekatwa na kukunjwa pindo na fundi wa hapa jirani. Ukiweka na maua ya kitambaa, hakuna anayejua kuwa ni shuka.

Kitu cha maana kuliko sahani ni ndoo zenye koki. Tunazo tano: mbili za kunawia na tatu za maji ya kunywa. Chupa ndogo za maji ndizo takataka nyingi kuliko zote kwenye shughuli zetu, mtu anakunywa mafunda matatu anaiacha, anachukua nyingine. Kama wageni wako hawaamini maji ya kuchemsha, nunua yale madumu makubwa ya maji ambayo dumu tupu linarudi dukani, umimine kwenye ndoo mbele yao. Soda chukua za chupa za kioo kwa kreti. Kreti hizo ndizo zilizotufundisha kazi hii yote: chupa ishirini na nne zimekwenda, ishirini na nne zinarudi, pungufu unalipa. Hakuna anayemnunia muuza soda kwa hilo.

Hatua ya 3. Alama

Rangi ya kucha. Tone moja chini ya sahani, pale kwenye ukingo unaokaa mezani. Yetu ni ya zambarau, kwa sababu wenzetu wa upande wa pili wa jabali walituwahi na nyekundu na tukachanganyana sahani kwenye msiba mmoja hadi leo hatujui nani ana za nani. Shughuli nne au tano, rangi inafifia, unagusia tena. Masufuria tuligonga kwa msumari na nyundo, vitone vitatu kwenye mkono.

Hatua ya 4. Kuhesabu

Hapa ndipo vikundi vingi vinapofia, na mniwie radhi nitakaa kidogo.

Vyombo vinahesabiwa mara mbili, wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, na mara zote mbili watu wawili wapo, mtunzaji (kwa sasa ni mimi) na mwazimaji. Si kutuma mtoto. Si "we chukua tu, nakuamini." Sahani zinapangwa kumi kumi sakafuni, mwazimaji anahesabu kwa sauti, mimi naandika, anatia sahihi. Tulianza kwa kuaminiana. Mara ya tatu zikarudi 117 kati ya 120, na kila mtu akamwangalia mwenzake.

Nilizifuatilia hizo tatu kwa miguu. Moja niliikuta imefunika sufuria ya maziwa kwa jirani wa nyumba ya pili. Moja ilikuwa kwa bibi mmoja mgonjwa, alipelekewa nyama na ndizi usiku ule na hakuna aliyerudi kuchukua chombo. Alikuwa ameiosha, ameiweka juu ya kabati inangoja mwenyewe. Ya tatu alibebea keki mtoto wa shangazi, ikapanda basi hadi Sengerema na kuvuka maji. Hakuna aliyeiba. Sahani zinapotea kwa sababu ya ukarimu, kwa kufungashiana chakula.

Kwa hiyo sasa tuna sahani kumi na mbili za zamani, zenye tone la njano, tunaziita za safari. Chakula cha mgonjwa, cha mlinzi, cha mama mkwe aliyeshindwa kupanda mlima, kinakwenda na hizo, na mtu mmoja anaandika zilikokwenda. Wanaotaka kubeba waje na kibakuli chao. Mwenye shughuli aliseme hilo anapoalika, asingoje watu wameshika sahani mkononi. Tangu hapo tumepungukiwa sahani mbili tu, na moja ilivunjwa na mbuzi.

Hatua ya 5. Kuosha

Sheria yetu: vyombo vinarudi vikiwa safi na vikavu, kesho yake kabla ya saa kumi jioni. Makombo yanakwanguliwa kwanza kwenye ndoo ya kuku, halafu karai la maji ya moto na sabuni, karai la kusuuza, na karai la mwisho la maji yenye dawa kidogo ya klorini. Steeli waya ni marufuku kwenye melamini, inachanika ngozi na manjano ya pilau yanaingia hayatoki tena. Tumia sifongo, na sahani isikae usiku kucha na mchuzi.

Kukausha tumeiga wakaushaji dagaa. Tulinunua kipande cha wavu mkuukuu Mwaloni, Kirumba, tukauvuta kati ya miti minne kama uchanja. Sahani zote 120 zinakaa juu yake kwa kusimama, upepo wa ziwa unapita chini, saa moja zimekauka.

Na jamani, msishuke na vyombo kuoshea ziwani. Najua maji ya bomba yanakatika na ziwa liko hapo linaangalia. Lakini kusimama kwenye maji ya ufukweni ndiko kunakotupa kichocho, na mabaki ya chakula yanayalisha magugumaji. Chota maji, oshea nyumbani, mwaga mbali na mtaro.

Hatua ya 6. Mtunzaji mmoja, stoo moja

Vikigawanywa nyumba tatu, siku ya shughuli mwenye ufunguo mmoja atakuwa amesafiri. Sisi viko kwangu kwa mwaka mmoja, kisha vinahama. Ndoo zenye mifuniko zinazuia panya.

Maswali yenu

*Kijana wa Buhongwa:* Shikamoo mama. Sisi tunatarajia wageni mia mbili na tuna sahani mia tu. Tuongezee za plastiki?

Marahaba mwanangu. Hapana. Watu hawali wote kwa mara moja. Wazee na wageni wa mbali wanaanza, vijana wanafuata, wapishi wanamalizia. Wekeni watu watatu wa kuosha papo hapo, wenye aproni na ahadi ya nyama nzuri, sahani mia zinawatosha. Vikombe ndivyo vitawaumbua, maana mtu mmoja anabadilisha mara tatu. Kwa vikombe azimeni kikundi kingine pia.

*Mama wa Nyegezi:* Kwetu tumechanganyika, Waislamu na Wakristo. Masufuria yakishapikiwa kitimoto, wenzetu hawatayagusa tena. Mlifanyaje?

Mama, swali hili lingetuvunja kama tusingeliweka mezani siku ya kwanza. Tuliandika ukurasa wa kwanza wa daftari: vyombo vya kikundi havipikiwi wala havipakuliwi kitimoto, na pombe haitiliwi kwenye vikombe wala majagi yetu. Anayetaka hivyo akodi mahali pengine kwa siku yake, hatumwulizi. Kuku na mbuzi wanachinjwa na anayekubalika kwa wote. Watu walikubali kwa dakika tano. Tulikuwa tumejiandaa kwa saa mbili.

*Dada wa Kirumba:* Mzee mmoja tunayemheshimu sana alirudisha vyombo vichafu, vijiko tisa hakuna. Nani wa kumwambia? Mimi ni kama mwanawe.

Usimwambie wewe, mdogo wangu. Mpeleke mzee mwenzake, wakae, wazungumze mambo ya mvua na mpira, na daftari liwe mkononi. Aseme, "Daftari linatuambia vijiko vilikwenda themanini." Sisi pungufu ya kijiko ni shilingi 500, sahani 3,000, na bei hizo zimebandikwa mlangoni kwa stoo, kwa hiyo siyo mimi ninayemdai mtu. Na ukweli nimeuona: wazee wanalipa haraka kuliko vijana. Vijana ndio wenye hadithi.

*Baba wa Igoma:* Mnawaazimisha wasio wanachama?

Ndiyo, kwa ada ndogo na kwa mwanachama mmoja kumdhamini. Ada inanunua sabuni na rangi ya kucha. Msizidishe mkawa wakodishaji, kazi hiyo ina wenyewe na wana gari.

*Mama wa Mabatini:* Kwetu hakuna barabara, ni ngazi za mawe tu. Mnapandishaje vyombo hivyo?

Kwenye ndoo za lita ishirini, kitambaa kati ya kila sahani kumi. Bodaboda anafika mwisho wa njia, kutoka hapo ni kichwani. Masufuria makubwa wanabeba vijana wawili kwa mti katikati, na ndani ya sufuria unaweka majagi. Pandeni siku moja kabla. Nimeona sufuria likiachiwa likashuka mawe mpaka chini, mlio wake ulisikika kama tunapigiwa kengele ya misa, na hadi leo linakaa upande.

*Bibi harusi mtarajiwa, Pasiansi:* Naomba nisiwaudhi, lakini ndugu wa upande wa mume watasema hatuna hela. Watu wanataka vitu vipya.

Hujaniudhi, nami nilisema hivyo hivyo kwenye shughuli ya binti yangu. Siku ile niliweka meza mbili kwa makusudi. Moja ya sahani za kutupa, nyingine mashuka yetu meupe yaliyopigwa pasi, sahani ya melamini, kijiko cha chuma, kikombe cha bati kinachong'aa. Wageni wa heshima walikwenda wenyewe kwenye meza gani? Wale wa sahani za kutupa walikuwa wamezishika kwa mikono miwili, maana pilau ikiwa ya moto ile plastiki inajikunja na mchuzi unaingia kwenye mkono wa shati. Shemeji yangu mmoja alihama na chakula chake.

Kama shughuli ni Desemba andika jina mapema, Jumamosi zote zimeshaanza kujaa. Na ukija kuchukua njoo kabla ya magharibi, usiku sihesabu sahani.