Kumfundisha wakili mpya kuwasilisha kielelezo

Wakili mpya anaweza kukueleza nadharia ya ushahidi kwa saa nzima, halafu akasimama mbele ya hakimu na mkataba mkononi asijue aanze na swali gani. Kazi hii haifundishiki kwa mhadhara. Inafundishika kwa kusimama, kukosea, kusimamishwa na kurudia palepale. Maelekezo haya ni kwa mawakili wazoefu wanaowanoa wenzao ofisini au kwenye vituo vya msaada wa kisheria nchini Tanzania, na yanahusu jambo moja tu: karatasi itoke kwenye mkoba wa mteja hadi iwe kielelezo, yaani hati iliyopokelewa rasmi kuwa ushahidi, ndani ya kumbukumbu za mahakama.

Wagawe wanafunzi wanne wanne: wakili wa mdai, wakili wa mdaiwa, shahidi na hakimu. Kila zamu iwe dakika 15, kisha wabadilishane nafasi. Anayekaa kiti cha hakimu lazima aandike mwenendo, yaani kumbukumbu ya yanayosemwa na kuamuliwa mahakamani, kwa mkono, neno kwa neno. Hapo ndipo atakapoelewa kwa nini wakili anayeongea kwa kasi anaharibu kumbukumbu zake mwenyewe, maana kisichoandikwa hakipo siku ya rufaa.

Andaa jalada fupi la mgogoro wa kiwanja, kurasa zisizidi kumi: hati ya madai, utetezi wa maandishi, mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono, stakabadhi ya benki na mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapishwa. Kisha tega mitego. Mkataba uwe nakala kivuli, na ya asili iko kwa mdaiwa. Usiwe umelipiwa ushuru wa stempu, yaani kodi inayotozwa kwenye hati. Tarehe kwenye hati ya madai isome 12 Machi, kwenye mkataba isome 21 Machi. Usiwaambie. Anayelisoma jalada usiku uliotangulia ataiona mitego yote mitatu. Asiyelisoma ataumbuka mbele ya wenzake, na kuumbuka darasani ni nafuu kuliko kuumbuka mahakamani.

Zoezi la kwanza ni mfuatano wa maswali. Kabla hati haijaoneshwa, shahidi aweke msingi: ni hati gani, aliijuaje, na ataitambuaje. Kwa mfano:

– Makubaliano hayo mliyaweka kwa namna gani?
– Tuliandikishana mkataba.
– Ukiuona leo utautambuaje?
– Una jina langu, saini yangu, na saini ya mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia.
– Mheshimiwa, naomba shahidi aoneshwe hati hii.
– Shahidi, hiyo ni nini?
– Ndiyo mkataba wenyewe. Saini yangu hii hapa chini.
– Unaiomba mahakama iufanyie nini?
– Naomba upokelewe uwe kielelezo.

Angalia swali la pili. Wengi huliruka, wanamkabidhi shahidi hati kwanza ndipo wanamuuliza anaitambuaje. Hapo shahidi anasoma tu alichoshika, na wakili wa upande wa pili atakuwa na haki ya kulalamika.

Sasa mpe upande wa pili nafasi ya kuiona na kusema kama una pingamizi. Hakimu aamue, aandike kuwa imepokelewa na kupewa alama P1, yaani kielelezo cha kwanza cha upande wa mdai, ndipo isomwe. Mpangilio huu wa hatua tatu, yaani kuruhusiwa, kupokelewa, kisha kusomwa, ulisisitizwa na Mahakama ya Rufani katika Robinson Mwanjisi na wenzake watatu dhidi ya Jamhuri [2003] TLR (ripoti za kesi za Tanzania) 218. Hati ikisomwa kabla ya kupokelewa, sumu imeshamwagika hata kama itakataliwa baadaye. Na ikipokelewa bila kusomwa kwenye kesi ya jinai, mshtakiwa hakujua yaliyomo, na mara nyingi kielelezo hicho huondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa. Kwenye madai mahakama huwa na uvumilivu zaidi, lakini wafundishe kuomba isomwe kila mara. Inachukua dakika mbili.

Makosa mawili yajitokeze mapema uyakate. La kwanza ni wakili kuomba yeye mwenyewe hati ipokelewe, huku shahidi akitazama. Wakili si shahidi, hajala kiapo, hahojiwi; ombi litoke kinywani mwa shahidi. La pili ni kudhani kiambatisho cha hati ya madai tayari ni ushahidi. Kiambatisho A kinabaki kuwa kiambatisho hadi shahidi akitoe na mahakama ikipokee. Vivyo hivyo hati iliyowekewa alama ya utambuzi tu, ID1: isiporudishwa ikapokelewa, haina uzito wowote.

Zoezi la pili ni pingamizi, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mfundishe wakili wa mdaiwa kutenganisha upokelewaji na uzito. "Mheshimiwa, saini hii siyo ya mteja wangu" ni hoja ya uzito kwa kiasi kikubwa, ya kuikamua kwenye maswali ya dodoso, yaani anapomhoji shahidi wa upande wa pili. "Mheshimiwa, hii ni nakala kivuli na hakuna maelezo ya ilipo nakala asili" ni pingamizi la kisheria. Akisema "sina pingamizi" kwa mazoea, ajue mlango huo ni vigumu kuufungua tena kwenye rufaa.

Upande wa mdai uwe na jibu kwa kila mtego. Nakala asili iko kwa mpinzani? Ilani ya kumtaka ailete ilipaswa kumfikia mapema, siyo asubuhi ya kusikilizwa. Imepotea? Shahidi aeleze ilivyopotea na alivyoitafuta, na taarifa ya upotevu ya polisi iwepo. Ushuru wa stempu haujalipwa? Sheria inaruhusu kasoro irekebishwe kwa kulipa ushuru pamoja na adhabu, kwa hiyo omba ahirisho fupi badala ya kubishana. Kuhusu WhatsApp, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama iridhike na jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na mtumaji alivyotambulika. Shahidi aeleze simu ni ya nani, nani aliichapisha na kama kuna kilichofutwa. Karatasi iliyochapishwa peke yake haisemi lolote kati ya hayo.

Fanya mazoezi yote kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini wahitimu wengi wamesomea sheria kwa Kiingereza na ulimi hukwama kwenye msamiati. Mtu anayesita kati ya "kielelezo" na "kiambatisho" anaonekana hajajiandaa hata kama anajua sheria.

Tenga zamu moja ambayo mdaiwa hana wakili. Hakimu amweleze haki yake ya kupinga hati kwa maneno ya kawaida, na wakili wa mdai asichukulie ukimya wake kuwa ni ridhaa; ahakikishe mwenendo unaonesha aliulizwa na akajibu nini.

Walete pia wasaidizi wa kisheria kwenye nusu siku ya mwisho. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, ila ndio wa kwanza kuishika karatasi ya mteja asiye na fedha. Wajue kumwambia mteja atunze nakala asili, asiitoboe, asiandike juu yake, na asiitie lamineshi. Hati inayopokelewa kwenye madai huandikwa juu yake namba ya shauri, jina la aliyeitoa, tarehe na kwamba imepokelewa, kisha hakimu au jaji huweka saini. Peni haiandiki juu ya plastiki, na mtaalamu wa maandishi naye atapata shida na wino uliofunikwa.

Ukitoa tathmini, taja kosa moja au mawili tu, kisha mrudishe mwanafunzi asimame tena ndani ya saa hiyohiyo. Zamu ya mwisho isifungwe kabla wakili hajamwendea karani, akaitazama P1 na kuona maandishi na saini vyote vipo.