Windows 10 imefungiwa huduma: kompyuta ipi ya ofisi uipandishe, ipi uiache

Wadau, habari za kazi. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imesitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta zinawaka kama kawaida, na ndiyo maana bosi hakuelewi ukimwomba bajeti. Matundu mapya ya usalama ndiyo hayazibwi.

1. Orodhesha kwanza programu za kazi: uhasibu, printa ya risiti, skana. Muulize aliyewauzia kama vinakubali Windows 11. Hapa ndipo wengi wanakwama, siyo kwenye mashine.

2. Angalia prosesa. Bonyeza Windows+R, andika msinfo32. Kibandiko cha "Core i5" hakikuambii kitu. Soma namba inayofuata. i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 cha 8, i5-10400 cha 10. Kwa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. Dell OptiPlex 7040 na 7060 ukiziweka mezani ni kama pacha, lakini ya kwanza inakataliwa, ya pili inapita. Mnaonunua mitumba, hapo ndipo mnapigwa.

3. Bonyeza tena Windows+R, andika tpm.msc. Hapo unaangalia TPM, chipu ya usalama ndani ya kompyuta, inatakiwa isome 2.0. Ikisema haipo, ingia BIOS kwanza (mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka), mara nyingi imezimwa tu (Intel wanaiita PTT, AMD fTPM).

4. RAM rasmi ni GB 4. Mimi chini ya 8 sigusi, na kama bado kuna diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi.

5. Iliyofaulu, pandisha, Windows 10 yenye leseni halali hailipi kitu. Iliyofeli, piga hesabu: ofisi inaweza kununua masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 kwa dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei inajizidisha mara mbili kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Jumla dola 427! Kwangu hiyo ni hela ya kubadilisha mashine. Ya mtu anayetumia kivinjari na barua tu, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, inatosha.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, si kuna njia ya kuruka ukaguzi wa TPM?
Ipo. Ya nyumbani jaribu. Ya ofisi hapana, Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo.

Kaka, mafaili yatapotea?
Ukipandisha juu ya Windows iliyopo yanabaki. Hata hivyo fanya bekapu kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili mawili matatu kutoka humo uhakikishe yanasoma.

Sisi tuna moja ya Windows 7, skana yake haikubali kingine.
Hiyo huduma yake iliisha Januari 2020, dada. Iache iskani, lakini chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi. Kazi zitoke kwa flashi, na flashi ikaguliwe virusi kila inaporudi.