SOMO: Kutua Dar na kufika hotelini kwa daladala, kwa tunaotokea Mtwara na Lindi

Swali hili nimechoka kulijibu kipande kipande. Kila barabara ya kusini ikileta shida, kama Mei 2024 maji yalipoikata pale Somanga wakati wa Kimbunga Hidaya, watu wa huku wanahamia kwenye ndege, halafu maswali yanaanza: nikishatua Dar, mjini nafikaje bila teksi? Naandika yote hapa mara moja. Atakayeuliza kilichokwisha kuandikwa nitamtajia namba ya hatua tu.

Somo ni la mtu anayetua mchana akiwa na begi moja analoweza kulibeba mwenyewe. Kama una mabegi mawili makubwa, mtoto mgongoni au mgonjwa, usijitese. Chukua teksi, au ita gari kwa simu.

Hatua ya 1. Uliza kituo, siyo hoteli.
Hili lifanye ukiwa bado Mtwara. Konda hazijui hoteli za Dar, na hana sababu ya kuzijua. Anajua vituo, masoko, misikiti na sheli. Piga simu mapokezi uulize mambo mawili: kituo cha daladala kilicho karibu kinaitwaje, na hoteli ipo mtaa gani unaokatana na mtaa gani. "Tupo Kariakoo" siyo jibu. Kariakoo kuna Sikukuu, Swahili, Livingstone, Aggrey, Narung'ombe, Tandamti na mitaa mingine mingi, na imenyooka na kukatana kiasi kwamba ukiwa na majina mawili huwezi kupotea, ila ukiwa na moja utazunguka mpaka uchoke.

Kama tangazo la hoteli linasema "karibu na uwanja wa ndege", hakikisha kwanza ni Kipawa, Ukonga au Banana. Ukonga na Banana ni upande wa kuupa mji mgongo, kwa hiyo hatua ya 4 kwako inageuka.

Hatua ya 2. Chukua begi. Ndege za kutoka Mtwara hushusha Jengo la Pili. Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019, ni la safari za nje, usimwambie ndugu akusubiri huko.

Hatua ya 3. Toka nje, wajibu wenye teksi kwa upole kwamba una usafiri, tembea hadi Barabara ya Nyerere.

Hatua ya 4. Simama upande unaotakiwa.
Magari ya mjini huja yakitokea Gongo la Mboto, Ukonga na Banana. Yale yanayotokea TAZARA na Kipawa yanakurudisha nyuma. Barabara hii imejengewa njia ya mwendokasi katikati, kwa hiyo usikatize popote unapoona upenyo. Fuata kivuko cha waenda kwa miguu hata kama kipo mbali kidogo. Ukiwa na shaka muulize yeyote aliyesimama kituoni: "Ya Kariakoo yanapita upande huu?"

Hatua ya 5. Soma kibao. Hapa ndipo watu wanapopotea.
Soma hatua hii mara mbili. Kosa lake halionekani linapofanyika. Magari yote ya upande huu yanafuata barabara moja hadi TAZARA, pale penye daraja la juu la Mfugale. Hadi hapo kila gari linaonekana ndilo lenyewe, na mgeni anatulia. Kuanzia TAZARA yanatawanyika. Yanayonyooka yanapita Chang'ombe na Kamata kwenda Gerezani, Kariakoo au Posta. Yanayokata kushoto yanaingia Barabara ya Mandela: Buguruni, Tabata Relini, Ubungo, na mengine yanaendelea hadi Mwenge. Yanayokata kulia yanaelekea Temeke. Mtu wa Kariakoo aliyepanda la Ubungo huja kushtuka yuko Buguruni, begi mapajani, gari limejaa, na mlango hauoni.

Kwa hiyo:

Soma kibao cha mbele, juu ya kioo. Kina mwanzo na mwisho wa ruti. Jina la upande wa mjini ndilo lako. Mstari wa rangi ubavuni nao unatofautisha ruti, lakini kwa mgeni kibao kinatosha.

Usipande kwa sauti ya konda. Konda hutaja vituo vya njiani ili ajaze gari. Akiita "Tazara, Tazara!" hajakudanganya, TAZARA atapita. Wewe ndiye hujamuuliza anaishia wapi. Muulize hivi, mguu ukiwa bado chini: "Kariakoo mnafika mwisho?"

Foleni ikizidi, baadhi ya magari hukatisha ruti na kugeuza kabla ya mwisho. Likikukuta hilo usishuke kimyakimya. Dai ufaulishwe, yaani konda akuhamishie kwenye gari jingine na amalizane mwenyewe na konda mwenzake. Nauli umeshalipa, usilipe tena.

Na kuchagua kati ya Kariakoo na Posta: hoteli za Kariakoo na Gerezani, panda la Kariakoo. Za Kisutu, Samora na upande wa bandari, panda la Posta. Ukikosa la Posta, usisubiri saa nzima juani. Panda la Kariakoo umalizie kwa gari jingine.

Hoteli ya Sinza au Mwenge? Basi lile gari linalokata kushoto, ambalo ni kosa kwa mtu wa Kariakoo, kwako ndilo sahihi. Wa Sinza shuka Ubungo, uliza magari ya Sinza. Wa Mwenge tafuta linaloendelea hadi Mwenge.

Hatua ya 6. Begi na nauli.
Begi likae mapajani au miguuni pako, au mbele karibu na dereva kama konda anakubali. Likiziba siti utaombwa kulilipia, na ni haki yao. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa umbali, na kwa safari hii haifiki shilingi 1,000. Beba noti ndogo; noti ya elfu kumi asubuhi italeta maneno. Chenji idai mapema, usingoje unashuka.

Saa 12 hadi saa 3 asubuhi magari ya kuelekea mjini huja yameshajaa tangu Gongo la Mboto. Kama umetua saa hizo, kunywa chai kwanza. Jioni mambo hugeuka: yanayotoka mjini ndiyo yanafurika, ya kuingia mjini unapata siti. Bila foleni Kariakoo ni kama nusu saa. Ikiwepo, jipe saa moja na nusu.

Hatua ya 7. Ukivuka TAZARA, mkumbushe konda kituo chako, na ukiona Kamata anza kusogea mlangoni.

MASWALI

Mdau wa Tandahimba: Mkuu, teksi mpaka mjini bei gani?

Somo ni la daladala.

Mdau wa Lindi mjini: Hoteli wameniambia nishuke Mnazi Mmoja. Ni kama huku kwetu, inabidi nipande gari lingine tena?

Umefanya vizuri kuuliza. Mnazi Mmoja yetu ni ile njia panda ya Mingoyo, wa Masasi anakata, wa Lindi ananyooka. Ya Dar ni bustani na kituo kati ya Kariakoo na mjini, karibu na Mtaa wa Lumumba na Barabara ya Bibi Titi. Ukishuka Kariakoo unaweza kufika kwa mguu kama begi ni jepesi. Angalia na Magomeni: wa Mtwara mnayo yenu, ya Dar ipo Barabara ya Morogoro na gari lake siyo hili. Jina la nyumbani lisikupe imani kwamba unapajua.

Mdau wa Newala: Kaka, nampeleka mama Muhimbili, tunatua saa 5 asubuhi. Anatembea lakini anachoka haraka. Daladala itafaa?

Dada, mama asipande daladala. Tatizo siyo kukaa, ni kusimama juani kituoni na kupanda ngazi za Coaster watu wakisukumana. Chukueni gari moja kwa moja. Ila kabla ya yote, tazameni karatasi ya rufaa: imeandikwa Upanga au Mloganzila? Zote mbili ni Muhimbili, na ziko mbali sana moja na nyingine. Upanga ni katikati ya mji. Mloganzila ni nje kabisa, njia ya Morogoro, baada ya Mbezi na Kibamba. Kama ni Upanga, tafuteni chumba Upanga au Kariakoo, msikae Ubungo. Kama ni Mloganzila, chumba cha mjini kitawaumiza kwa foleni kila siku. Tafuteni Mbezi au Kibamba.

Siku utakayokwenda peke yako kufuata majibu, panda mwendokasi hadi kituo cha Fire, Barabara ya Morogoro, halafu malizia kwa bajaji kuingia Upanga. Tiketi ya mwendokasi unakata kabla ya kupita geti, ndani ya gari hulipi. Mungu ampe mama nafuu.

Mdau wa Mtwara, Shangani: Sasa kutoka hapo airport napanda gari gani?

Hatua ya 5.

Mdau huyohuyo: Nimesoma lakini ni ndefu.

Ni ndefu kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Isome.

Mdau wa Nanyumbu: Unatisha watu bure. Mimi nimepanda la Ubungo nikashuka Buguruni, nikachukua gari la Kariakoo, nikafika.

Umefika, sijasema hutafika. Umelipa nauli mbili, umebadilisha gari Buguruni ukiwa na begi, na ulijua pa kubadilishia. Anayesoma hapa hapajui. Somo linaandikwa kwa ajili yake.

Mdau wa Masasi: Shukrani kwa somo. Mimi siendi hotelini Dar, natua halafu naunga SGR ya Dodoma siku hiyohiyo. Nimeona kwenye ramani kuna stesheni ya Pugu, na Pugu ni upande wa uwanja wa ndege. Siwezi kwenda huko badala ya kuingia mjini?

Swali zuri, wengi hawalifikirii. Inawezekana, kwa masharti mawili. La kwanza, siyo kila treni inasimama Pugu, kwa hiyo wakati wa kukata tiketi chagua Pugu kama mahali pa kupandia. Usikate ya Dar ukategemea kuidaka njiani. La pili, hapo unasimama upande wa pili wa barabara, magari yanayotoka mjini, na mengi yanaishia Gongo la Mboto. Uliza linaloendelea hadi Pugu, na mwisho utahitaji bodaboda kuingia stesheni. Faida yake asubuhi ni kubwa: wote wanabanana kuingia mjini, wewe unakwenda kinyume chao.

Ukiamua stesheni kuu ya mjini, panda la Posta, mwambie konda "Stesheni ya SGR". Ukisema "stesheni ya treni" tu unaweza kushushwa TAZARA, maana nayo ni stesheni, ya treni ya Mbeya na Zambia. Na acha nafasi ya saa kadhaa kati ya ndege na treni. Ndege ikichelewa, treni haikungoji.

Mdau wa Nachingwea: Naongezea kwa wanaosafirisha wazee: andika kituo na mtaa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mzee aishike mkononi. Simu ikizima karatasi ipo. Konda akionyeshwa karatasi anasaidia haraka kuliko maelezo marefu.

Hili ni zuri sana, ningeliweka hatua ya 1.

Mdau wa Mikindani: Nina kilo kumi za korosho za zawadi na ming'oko kidogo. Niweke wapi kwenye daladala?

Korosho weka ndani ya begi, zisiwe kwenye mfuko wa kushika mkononi. Kila kitu cha mkononi ni kitu cha kusahau. Ming'oko funga kwenye gazeti kwanza, ikae juu isibonyezwe. Ukikaa dirishani simu irudi mfukoni, hasa gari likisimama kwenye taa na foleni. Vijana wanakwapua kutoka nje.

Mdau wa Kilwa Masoko: Na kurudi? Kutoka Kariakoo kwenda kupanda ndege.

Panda lenye kibao cha Gongo la Mboto, mwambie konda unashuka Airport, Jengo la Pili. Ugumu ni saa. Kuanzia saa 10 jioni magari ya kutoka mjini hayapandiki na begi, watu wanaingia hadi madirishani. Ndege ikiwa ya jioni, ondoka Kariakoo saa 8 mchana ukasubiri uwanjani. Kama umechelewa kuondoka, acha daladala. Nauli uliyookoa hailipi tiketi ya ndege iliyokupita.

Mdau wa Lindi, Mtanda: Ndege yangu inatua saa 3 usiku. Bado nifuate hatua hizi?

Hapana. Magari bado yapo, lakini utashuka Kariakoo maduka yamefungwa, mitaa imepungua watu, na wewe una begi na unasoma vibao vya mitaa. Ita gari ukiwa ndani ya jengo kwenye mwanga, hakikisha namba ya gari inalingana na ya kwenye simu kabla ya kufungua mlango, na wapigie mapokezi wajue unakuja. Hatua ya 1 ndiyo pekee inayobaki vilevile.