Tabora hadi mpaka wa Manyovu kwa gari la kulala ndani: jipange hivi

Kila kiangazi naweka godoro kwenye Noah yangu, iliyong'olewa viti vya nyuma, naelekea magharibi: Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma, kisha napanda hadi Manyovu tunapopakana na Burundi. Nenda kati ya Juni na Septemba. Tope hakuna, ila vumbi, kiu na mbung'o vitakusindikiza.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, gari baadaye

Kama utavuka mpaka, beba pasipoti, leseni na kadi halisi ya gari. Gari likiwa kwa jina la mtu mwingine, chukua barua yake ya ruhusa iliyogongwa muhuri na wakili.

Halafu kuna "kadi ya njano", na hapa wengi wanachanganya kwa sababu ziko mbili. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Hiyo inatambulika siku 10 baada ya kuchomwa sindano, kwa hiyo usiikimbilie wiki ya safari. Ya pili ni bima ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), inayolipa madhara utakayomsababishia mtu barabarani ukiwa nje. Ulizia kwa anayekukatia bima ya kawaida.

Hatua ya 2: Maji

Mimi napiga lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Watu wawili siku tatu ni lita 30, na ongeza dumu la akiba kwa ajili ya rejeta na kunawa. Lita moja ni kilo moja, hivyo madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40 nzima. Yaweke sakafuni, nyuma ya viti vya mbele, uyafunge kwa kamba ya mpira. Usiyapandishe kwenye keria, gari litayumba kwenye kona.

Na kagua vifuniko. Safari yangu ya kwanza dumu moja lilianguka kwenye makorongo, mfuniko ukafyatuka, godoro likanywa lita 20. Tulilala tumekaa. Tangu siku hiyo nakata kipande cha nailoni, nakiweka juu ya mdomo wa dumu, ndipo nafunga mfuniko.

Hatua ya 3: Mafuta na matairi

Jaza Tabora, ongezea Kaliua hata kama tenki liko nusu. Burundi imepitia uhaba mkubwa wa mafuta miaka ya karibuni, basi jaza tena Kigoma mjini kabla ya kupanda Manyovu. Petroli ya akiba usilale nayo ndani ya gari. Tairi la spea lipimwe upepo siku ileile unayopima mengine.

Hatua ya 4: Msitu

Baada ya Kaliua unaingia miombo, na hapo ndipo kwa mbung'o, au ndorobo. Hufuata gari linalotembea na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Pazia langu la bluu lilijaa ndorobo hadi nikalishusha. Sasa natumia la kaki, na nguo pia. Funga vioo, na panga ratiba uuvuke mto Malagarasi mchana.

Hatua ya 5: Kulala

Saa 11 jioni uwe umeshapata pa kuegesha. Mjini omba uwanja wa gesti, ulipie kidogo. Kijijini anza kwa mwenyekiti, umsalimie, umweleze unakotoka na unakokwenda. Akishakujua, kijiji kizima kinakulinda. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kama baridi inauma, maana hewa yake inaua mtu akiwa usingizini.

Hatua ya 6: Kuvuka

Saa za Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa na mtu anayejua Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, mmepona, maana anasikilizana na Warundi bila shida. Kule wanaendesha kulia na usukani wetu uko kulia, kwa hiyo dereva haoni mbele ya lori analotaka kulipita. Abiria wa mbele ndiye jicho lako: asipokwambia "pita", baki nyuma ya lori.